Tushirikiane, Lakini Tuandikiane



Wasomaji wetu wa siku nyingi wanajua kwamba ukurasa huu ni wa afya ya familia. Hapa tumezoea kuzungumza juu ya uji wa lishe, homa za watoto, kliniki ya wajawazito na mengine ya nyumbani. Mwezi huu tunaomba mtuvumilie, maana tutazungumza juu ya vyuo. Mkitufuata hadi mwisho mtaona kwamba hatukutoka nje ya ukurasa wetu. Muuguzi atakayempokea binti yako siku ya kujifungua anafundishwa mahali fulani, na namna anavyofundishwa ni jambo linalomhusu kila mama.

Katika mji wetu viko vyuo viwili vya uuguzi na ukunga. Kimoja ni cha Serikali na kingine ni cha kanisa. Kati yake pana barabara ya vumbi na shamba la mahindi. Kengele ya chakula ikigongwa huku, wa kule wanaisikia. Hata hivyo kwa miaka mingi vyuo hivi vimeishi kama majirani wanaosalimiana kwa mbali, kila mmoja akifunga mlango wake mapema.

Sasa limeletwa pendekezo kwamba vyuo hivi vianze kufanya kazi pamoja. Si kwamba vitakuwa chuo kimoja, la hasha. Kila kimoja kitabaki na jina lake, mkuu wake na bodi yake. Lakini cha Serikali kina madarasa mapya, maktaba, na chumba cha mazoezi chenye midoli ya kufundishia, ambapo mwanafunzi hujifunza kuchoma sindano na kuzalisha kabla hajamgusa mtu. Cha kanisa kina hospitali mlangoni, tena yenye wodi ya wazazi isiyolala usiku wala mchana, pamoja na bweni la wasichana ambalo bado lina nafasi. Basi pendekezo ni kwamba wanafunzi wetu waende kutumia chumba kile cha mazoezi na maktaba, na wanafunzi wa Serikali waje wodini kwetu badala ya kupanda gari kila alfajiri kwenda hospitali ya mbali. Walimu nao waazimane, na nafasi za bweni zigawanywe.

Jambo hili limefika kwa umoja wa akina mama kwa sababu moja: bweni lile tulilijenga sisi. Tulilijenga kwa mayai, kwa maandazi, na kwa debe la mahindi la kila mama baada ya mavuno. Kwa hiyo viongozi wa kanisa waliona yafaa wasikie maoni yetu kabla ya kutia sahihi. Tukakutana Jumamosi moja, tukakaa tangu saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri. Kwa kuwa ndani ya kikao kile walikuwamo wauguzi wachache tu, na sisi tukiwa mmojawapo, tuliombwa kusema. Tuliyosema siku ile ndiyo tunayowaletea, tukiamini kwamba hata ninyi wa mahali pengine mnao majirani wa namna hiyo, iwe ni chuo cha ufundi, shule ya sekondari au zahanati.

HOFU ZILIZOSEMWA

Kwanza tuwape hofu za akina mama, maana zilikuwa za kweli na hazikustahili kuchekwa.

Bibi mmoja, ambaye ndiye mkubwa wetu katika umoja, alisimama akasema, "Wanangu, mimi sina neno na Serikali. Lakini sisi tuliwahi kujenga shule. Tulilala ikiwa ya kanisa, tukaamka si ya kanisa tena. Leo mnaniambia tushirikiane. Kesho bweni letu litakuwa la nani?"

Vijana walitazamana, wengine hawakuelewa. Wenye umri wanakumbuka. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliipa Serikali mamlaka juu ya shule zilizokuwa za mashirika ya dini, na tangu mwaka 1970 shule nyingi za makanisa zikawa za umma. Nia ilikuwa kwamba watoto wa dini zote na makabila yote wapate nafasi bila ubaguzi, na ni haki kusema kwamba wengi walisoma kwa sababu hiyo. Lakini wale waliobeba mawe kichwani hawakuulizwa wala hawakuaga. Kidonda cha namna hiyo hakiponi kwa kuambiwa "yamepita".

Mama mwingine ana binti katika chuo cha kanisa. Anamlipia ada kwa kuuza mitumba. Alisema, "Nilimpeleka hapa ili aangaliwe kwa karibu. Mkileta na wale wengi wa kule, mwanangu ataiona wodi au atauona mgongo wa mwenzake?"

Wa tatu ana binti katika chuo cha Serikali, ingawa yeye mwenyewe ni mwimbaji wa kwaya yetu. Alisema kwa upole kwamba wazazi wenzake wa kule nao wana maswali yao. Je, wataanza kudaiwa michango ya hospitali ya kanisa? Na mabinti wa Kiislamu, ambao ni wengi tu kule, watalazimishwa kuingia ibada ya asubuhi?

Wa nne ni muuguzi kiongozi wa wodi ya wazazi. Yeye alisema maneno machache. "Hata hawa nilio nao sasa, asubuhi nyingine nashindwa kupita kati yao kwenda kwa mgonjwa."

SI JAMBO GENI

Tulianza kwa kuwakumbusha wenzetu kwamba kanisa na Serikali kutibu na kufundisha pamoja si jambo geni katika nchi yetu. Tangu zamani zipo hospitali za kanisa zilizoteuliwa kuwa hospitali za wilaya, zile tunazoziita Hospitali Teule. Majengo ni ya kanisa, lakini zinawahudumia wananchi wote wa wilaya kwa mapatano na Serikali, nayo Serikali huchangia mishahara na dawa. Wengi wetu tulizaliwa humo bila kuuliza mlipaji ni nani.

Tazameni Bugando, pale Mwanza. Hospitali ile ilijengwa na Kanisa Katoliki, ikafunguliwa mwaka 1971. Mwaka uliofuata, yaani 1972, Serikali ikaichukua. Bibi yetu akasikia hapo akatikisa kichwa, kana kwamba anasema "si niliwaambia". Lakini habari haikuishia hapo. Mwaka 1985 hospitali ilirudishwa kwa kanisa kwa mapatano: kanisa ni mwenye mali, na Serikali inaendelea kusaidia kuiendesha, ikiwa hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa. Mwaka 2003 chuo kikuu cha kufundisha madaktari kikaanza palepale. Leo mgonjwa anayetoka kijijini akipelekwa Bugando hapimwi dini yake.

Tazameni pia KCMC, kule Moshi, iliyofunguliwa mwaka huohuo wa 1971. Ni mali ya Shirika la Msamaria Mwema, nayo ni hospitali ya rufaa ya kanda, na mkono wa Serikali umo. Chuo chake kikuu cha tiba kilianza mwaka 1997, na wanaosoma pale wanatoka katika kila dini na kila kona ya nchi.

Tena mwaka 1992 makanisa, kupitia Baraza la Maaskofu Katoliki na Jumuiya ya Kikristo, yalitia sahihi makubaliano na Serikali juu ya huduma za elimu na afya, na ndipo ikaundwa Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii. Angalieni tofauti ya nyakati hizi. Mwaka 1970 mwenye mali alitangaziwa. Mwaka 1985 na 1992 watu walikaa mezani, wakaandika. Kwa hiyo tulimwambia bibi yetu kwamba hofu yake ni ya haki, lakini dawa yake si kukaa mbali na jirani. Dawa yake ni karatasi.

MFANO WA MBALI

Wako wengine waliowahi kupita njia hii kabla yetu. Huko Marekani, katika jimbo la Massachusetts, viko vyuo vilivyo karibu karibu hata mtu aweza kutoka kimoja kwenda kingine kwa basi la muda mfupi. Chuo Kikuu cha Massachusetts pale Amherst ni cha umma, kilianzishwa mwaka 1863. Majirani zake Amherst, Smith na Mount Holyoke ni vya binafsi. Mount Holyoke kilianzishwa mwaka 1837 na mwanamke mmoja, Mary Lyon, aliyezunguka akichangisha fedha ili wasichana wapate elimu ya juu, na michango mingine ilikuwa ya senti chache tu kutoka kwa wanawake wa kawaida. Akina mama wa mayai na maandazi, huyo ni mwenzenu.

Mwaka 1965 vyuo hivyo vinne viliunda ushirika rasmi, na cha tano, Hampshire, ambacho vyenyewe vilisaidia kukibuni, kilipokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1970. Mwanafunzi wa kimoja aliweza kuchukua somo katika kingine bila kulipa ada ya ziada. Vitabu vya maktaba viliazimwa huku na huku, na basi liliwazungusha wanafunzi bila nauli. Lakini hakuna kilichomezwa. Chuo cha wanawake kilibaki cha wanawake, cha umma kilibaki cha umma, na kila mmoja alihitimu kwa jina la chuo chake. Hatuwatolei mfano huu ili tuwaige Wamarekani, kwa maana fedha yao si yetu. Tunasema tu kwamba kushirikiana hakulazimu mtu kuvua jina lake.

Kwetu sisi jambo hili ni jepesi zaidi kwa upande mmoja. Chuo cha Serikali na cha kanisa vyote vinasimamiwa na NACTVET, na binti akihitimu, awe wa huku au wa kule, anasajiliwa na Baraza moja la Uuguzi na Ukunga. Wodini watavaa sare za rangi mbili, lakini kazi wanayojifunza ni moja.

TULIYOYAONA WENYEWE

Baada ya kusema hayo yote ya kutia moyo, tuliona hatuna budi kusema na jambo lililotuuma. Hatukuwahi kulisimulia mbele ya watu wengi.

Tulipokuwa mwanafunzi wa uuguzi, zaidi ya miaka 20 iliyopita, tulipelekwa kwa mafunzo ya vitendo katika wodi ya wazazi ya hospitali moja ambayo haina haja kuitaja. Wodi ile ilipokea wanafunzi wa vyuo viwili kwa wakati mmoja. Jioni moja alijifungua mama wa mtoto wake wa tano. Mtoto alikuwa mzima, kondo lilitoka, na mkunga akaridhika. Mara akaitwa kwenda chumba cha upasuaji na mzazi mwingine. Akatugeukia wanafunzi wawili tuliokuwa karibu akasema, "Mwangalieni mama huyu."

Kila mwanamke anayesoma ukurasa huu ajue kwamba saa mbili za kwanza baada ya kujifungua ndizo za kulindwa sana. Mzazi hutakiwa kuangaliwa kila baada ya dakika 15: damu inatokaje, tumbo la uzazi limekaza au limelegea, mapigo ya moyo yakoje, presha ikoje. Mama aliyezaa mara nyingi tumbo lake la uzazi huweza kuchoka likashindwa kukaza, na damu ikatoka kimya kimya chini ya shuka.

Sisi tulikuwa tumeshika faili. Mwenzetu wa chuo cha pili alikuwa ameshika mashine ya presha. Sisi tulidhani yeye ndiye anayepima. Yeye alidhani sisi ndio wenye mgonjwa, kwa kuwa faili liko mikononi mwetu. Akaitwa kitanda kingine, na sisi tukaitwa kingine. Zikapita dakika kama 40. Aliyetuokoa ni mzazi wa kitanda cha jirani, aliyesema, "Wauguzi, mwenzangu huyu mbona amenyamaza?"

Tulipofunua shuka, tuliona ambacho hatujasahau hadi leo. Tulipiga kelele. Mkunga mwingine akaja mbio, akakanda tumbo, dawa ikachomwa, maji yakatundikwa, na usiku ule ule akaongezewa damu. Mungu ni mwema, mama yule alipona akaenda nyumbani na mtoto wake. Lakini haikuwa kwa sababu ya mikono yetu.

Kesho yake kila mwalimu alimwita mwanafunzi wake. Wote wawili tulitoa jibu moja: "Nilidhani mwenzangu." Hakuna aliyesema uongo, na hakuna aliyekuwa mvivu. Walimu wakatafuta mahali palipoandikwa kwamba mgonjwa yule alikuwa wa mwanafunzi wa chuo gani, chini ya msimamizi gani. Hapakuwa na mahali. Mapatano ya vyuo vile yalikuwa ya ukurasa mmoja, na yalisema juu ya tarehe na malipo tu. Wakubwa walikuwa wamepeana mikono, wakapiga picha, wakaacha mengine yajiendeshe kwa upendo.

Wapendwa, upendo ni mkubwa kuliko yote, lakini upendo hauandiki ripoti ya zamu. Kazi ya wawili isiyogawanywa huwa haina mwenyewe, na mara nyingi anayelipa gharama yake ni mtu wa tatu, aliyelala kitandani, ambaye hakuwapo siku ya kutia sahihi.

UKUTA WA NEHEMIA

Baada ya kusimulia hayo, kikao kilinyamaza. Ndipo mama mchungaji akatukumbusha Nehemia, sura ya tatu. Ni sura ambayo wengi huiruka wanaposoma, kwa kuwa imejaa majina. Lakini tazameni iliyomo. Ukuta wa Yerusalemu ulikuwa mmoja, na waliojenga walikuwa wengi: makuhani, wafua dhahabu, wafanya biashara, watu wa miji mingine. Yupo hata Shalumu aliyejenga pamoja na binti zake. Kila kundi lilipewa kipande chake, wengine mbele ya nyumba zao wenyewe, na jina lao likaandikwa penye kipande hicho. Nehemia hakusema tu "tujenge pamoja". Aligawa, akaandika. Kama tofali lingeanguka, ilijulikana ni upande wa nani. Hata wakuu wa Tekoa waliokataa kuinama kufanya kazi, nao wameandikwa.

Tulipenda neno hilo. Umoja wa kweli haufichi majina ya watu katika kundi. Unayaweka wazi.

TULIYOTAKA YAANDIKWE

Kwa hiyo kikao hakikusema "ndiyo" tu, wala hakikusema "hapana". Kilisema "ndiyo, ikiwa yataandikwa haya".

Kwanza, mgonjwa. Iandikwe ni wanafunzi wangapi, wa vyuo vyote kwa jumla, wanaoruhusiwa katika wodi kwa zamu moja, na ni wangapi wanaoruhusiwa kusimama penye kitanda cha mzazi mmoja. Idadi hiyo aipange muuguzi kiongozi wa wodi, si ofisi ya ada. Wakizidi, wapangiwe zamu ya jioni au ya usiku. Tena mzazi aombwe ruhusa kabla ya mwanafunzi kumgusa. Mwanamke aliye katika uchungu si kitabu cha kufundishia.

Pili, msimamizi. Kila mwanafunzi katika kila zamu awe na muuguzi mmoja anayemwongoza, kwa jina, bila kujali mwanafunzi ametoka chuo gani. Na kila mgonjwa awe na mwanafunzi mmoja aliyeandikwa, pamoja na muuguzi aliye juu yake. Wakati wa kukabidhiana zamu, majina hayo yasomwe kwa sauti.

Tatu, usalama wa mabinti. Hili lilisemwa na akina mama wengi kwa pamoja. Walimu watavuka barabara kwenda kufundisha chuo kisicho chao. Je, mwalimu wa chuo kimoja akimsumbua binti wa chuo kingine, au akimwambia alama zina bei, binti yule aende kwa nani? Akienda kwa mkuu wake, mkuu atasema mwalimu si wangu. Akienda kwa mkuu wa mwalimu, ataambiwa mwanafunzi si wetu. Tuliomba waandikwe watu wawili, angalau mmoja awe mwanamke, ambao binti wa chuo chochote aweza kuwaendea, nao wakuu wote wawili wafungwe na taarifa yao.

Nne, fedha. Nani atanunua glavu na sabuni wanafunzi wakiongezeka? Mdoli ukivunjika, atautengeneza nani? Mwalimu aliyeazimwa atalipwa na nani nauli na posho? Na mzazi asiongezewe ada katikati ya mwaka kwa jina la ushirikiano. Aliyepanga bajeti yake kwa kuuza mitumba aheshimiwe kama yule anayelipa kwa hundi.

Tano, mali. Bweni ni la kanisa, na libaki la kanisa. Cha Serikali kibaki cha Serikali. Kitakachonunuliwa kwa fedha za wote wawili kiandikwe katika daftari siku hiyohiyo, pamoja na kiasi alichotoa kila mmoja.

Sita, ibada. Chuo chetu ni cha kanisa, na sala yetu ya asubuhi haitafutwa. Mgeni anakaribishwa, lakini asilazimishwe, na asipunguziwe alama kwa kutokuja. Binti wa Kiislamu atakayelala katika bweni letu apewe nafasi ya kuswali na aheshimiwe katika mfungo. Kuna waliouliza, je, hapo ushuhuda wetu uko wapi? Tulijibu kwamba Msamaria wa Injili hakumhubiria yule majeruhi kabla ya kumfunga vidonda. Mabinti hao watauona Ukristo wetu kwa jinsi tunavyomwosha mgonjwa asiye na ndugu.

Saba, kuachana. Hata ndugu hugawana shamba. Ikiwa siku moja ushirikiano huu utashindikana, chuo kinachotaka kutoka kitoe taarifa mapema, na wanafunzi walioanza wamalize. Ushirikiano usivunjike katikati ya mwaka, mtihani ukiwa mlangoni.

NENO LA MWISHO

Kuna mzazi aliyetuuliza baada ya kikao, "Je, mambo haya yote hayaonyeshi kwamba hatuaminiani?" Tulimwuliza, "Mama, wewe unapomwachia jirani yako mtoto, humwambii amekula saa ngapi na dawa yake ni ipi?" Akasema humwambia. Basi ni vivyo hivyo. Tunampa jirani maelezo kwa sababu tunamwamini na tunataka afanikiwe. Asiyemwamini jirani hamwachii mtoto kabisa.

Na wale wanaoogopa kwamba wanafunzi wengi watapunguza malezi ya karibu, tunawasihi watazame na upande wa pili. Mwanafunzi wetu anayejifunza kuchoma sindano kwa mara ya kwanza juu ya mkono wa mgonjwa, kwa kuwa hatuna mdoli, anamwumiza mtu. Mwanafunzi wa Serikali anayehitimu akiwa amezalisha wazazi wachache kuliko inavyopasa, kwa kuwa wodi iko mbali na gari limeharibika, atakwenda zahanati ya kijijini akiwa peke yake usiku, na huko hakuna wa kumwita. Kila chuo kinacho kile ambacho kingine kinakikosa, na kati yake ni barabara tu. Tukiiacha barabara hiyo itutenge kwa sababu ya yaliyopita, watakaoumia si wakuu wa vyuo.

Bibi yetu ndiye aliyesema mwisho. Alisema hatapinga. Ila aliomba jambo moja, kwamba mapatano yakishatiwa sahihi, nakala moja ikae katika kabati la umoja wa akina mama, pamoja na daftari la michango ya bweni. "Ofisi hubadilika," alisema, "na wakuu huhamishwa. Kabati letu halihamishwi." Kikao kikapiga makofi, na ombi lake likaingizwa katika kumbukumbu likiwa la nane.

Maoni yetu yamekwisha kupelekwa kwa viongozi wa kanisa, nao watayapeleka kwenye meza ya mazungumzo na wenzetu wa ng'ambo ya barabara. Bado tunangoja majibu. Tunawaomba mtuombee, na tukipata neno tutawajulisha katika ukurasa huu.

Kwa kujadiliana katika vikundi:

1. Katika mtaa au kijiji chenu, ni shule, chuo au zahanati zipi mbili zilizo jirani ambazo zingeweza kusaidiana? Kila moja ina nini ambacho nyingine haina?

2. Je, umewahi kuona kazi ya wawili ikiharibika kwa sababu kila mmoja alidhani mwenzake ameifanya? Ni nini kingeandikwa mapema?

3. Someni Nehemia sura ya 3 bila kuruka majina. Katika kazi ya umoja wenu, kipande chako ni kipi, na je, wenzako wanakijua?

Mungu awabariki, awalinde na watoto wenu walio vyuoni. Tukutane mwezi ujao, tutakaporudi kwenye uji wa lishe.